Keki ya sanduku kwa Noeli: je, mbabula (jiko la makaa) ya Lubumbashi inaiweza?

Jambo yenu bandugu na bamama, karibuni jikoni kwangu hapa Lubumbashi. Noeli iko karibu, Bonane, yaani mwaka mpya, inaifuata, na masanduku haya yamejaa tena kwenye maduka ya mjini. Mnaliona? Unga wa keki ya vanila kutoka Marekani. Jina nimelifunika kwa kidole kwa sababu hakuna aliyenilipa, na nitakayosema yanagusa karibu masanduku yote ya namna hii.

Ndani mna unga wa ngano, sukari, baking poda, chumvi kidogo na harufu ya vanila. Vyote unavipata soko la Mzee Kabila kwa bei ya chini zaidi. Unacholipia hapa ni kupimiwa tu. Lakini mama mwenye kuku motoni, sombe pembeni na bukari ya kusonga, wageni nao wameshafika mlangoni, akilipa ili apimiwe mimi simlaumu.

Kabla ya kulipa, litikise. Huu ni msimu wa mvua, unga unavuta unyevu. Ukisikia mabonge yanagonga, lirudishe, maana baking poda iliyolowa haina nguvu tena. Soma na uzito. Zamani masanduku mengi ya Marekani yalikuwa na gramu 517, baadaye yakashuka hadi 432, na mengine siku hizi yako chini ya hapo. Ukichukua mapishi ya zamani kwenye intaneti yanayosema “sanduku moja”, uji wako wa keki utakuwa mwepesi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo keki nyingi za mji huu zinaharibika. Nyuma ya sanduku wameandika yai tatu, mafuta nusu kikombe, maji kikombe kimoja, jiko nyuzi 350. Hizo 350 ni za Farenihaiti, kwetu ni kama 180. Kikombe chao ni mililita 240 hivi. Na yai lao ni kubwa: haya madogo yanayopitia Kasumbalesa kutoka Zambia, mimi naweka manne.

Halafu kuna urefu wa mji wetu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya baking poda inatanuka haraka kuliko pwani, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Keki inapanda kwa mbio, unaifurahia, halafu katikati inabonyea kabla unga haujashika, na pembeni inakauka. Wengi wanasema sanduku lilikuwa bovu. Hapana! Tafuta pembeni, kwa herufi ndogo sana, maneno “High Altitude”. Masanduku mengi yanayo, na mara nyingi ni kwa walio juu ya futi 3,500, yaani mita 1,070 hivi. Sisi tumo. Kama hayapo, ongeza vijiko viwili vya mezani vya unga wa ngano na viwili au vitatu vya maji, na moto uzidi kidogo.

Umeme? Mnaujua umeme wa Desemba, tusipoteze muda. Mbabula inatosha. Chukua sufuria nzito, weka mchanga mkavu chini, funika, iache ipate moto kwanza. Chombo cha keki kiingie ndani, kisiguse kuta. Makala (makaa) mengi yakae juu ya kifuniko, chini yabaki machache, la sivyo tako la keki litaungua huku uso wake mbichi. Usifunue dakika 25 za mwanzo, hata watoto walie. Baada ya hapo choma kwa njiti. Ikitoka kavu, epua. Na hata mvua ikinyesha, mbabula isiingie kwenye nyumba iliyofungwa: hewa ya makala haionekani, na inaua.

Ladha yenyewe? Ni laini, sukari imezidi kidogo kwa ulimi wangu, na vanila yake ni ya dukani. Badala ya maji tia maziwa, badala ya mafuta tia siagi iliyoyeyushwa, utaona tofauti. Krimu niliiacha, inayeyuka kwa joto hili. Embe zimejaa mjini: zipike na sukari kijiko kimoja mpaka zishikane, zipoe, umwagie juu ya keki iliyopoa pia.

Kwa sikukuu, nalinunua tena. Kwa siku ya kawaida, unga wa sokoni unanitosha.

Wa Goma na Bukavu, ninyi mko juu kutushinda, mita 1,500 hivi, kwa hiyo ongezeni kijiko kingine cha unga. Na wewe ndugu wa Muanda, huko baharini, fuata sanduku lako kama lilivyoandikwa.