TAHADHARI: Kijana anayeuza harmonika "orijino" kwa wapiga gita hapa Dar ni tapeli

Nimekaa na hili jambo siku tano bila kulisema hadharani kwa sababu naona aibu. Leo asubuhi nimeona amepandisha tangazo tena, nikasema hapana. Aibu ibaki yangu, lakini mwingine asipigwe.

Nimepigwa shilingi 145,000. Harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo, 120,000, na fremu ya kuvaa shingoni ya kuishikilia huku unapiga gita, 25,000. Nilikuwa naitafuta kwa haraka, ya kupiga pamoja na gita ninalolithamini sana.

Kabla hamjaniuliza ilikuwaje mtu mzima nikaingia kichwa kichwa, someni kwanza alivyonianza. Mimi nilimwandikia tu kwamba nataka harmonika yoyote ya kupiga pamoja na gita. Muuzaji wa kawaida angenitajia bei. Yeye akajibu: "Shikamoo kaka. Nyimbo zako nyingi unapigia kodi gani?" Nikamwambia kodi zangu, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ni G, C na D. Akasema basi hapo kuna njia mbili. Ukitaka kumfuata mwimbaji noti kwa noti, chukua harmonika ya G. Ukitaka ile sauti ya kulia, ya bluzi, chukua ya C na wimbo ubaki G, halafu uwe unavuta zaidi kuliko kupuliza, maana G yako ya kutulia itakuwa tundu la 2 ukivuta. Akanikataza kabisa zile ndefu zenye safu mbili za matundu zinazouzwa na midoli. Akasema kule kila noti ina ndimi mbili, vile vibati vyembamba vya ndani vinavyotoa sauti, zinazotetemeka pamoja, ni tamu kwa nyimbo za taratibu lakini noti huwezi kuipinda, yaani kuishusha kidogo kwa mdomo. Chukua ya matundu 10, kaka, Hohner Marine Band, ya Mjerumani.

Yote hayo ni kweli. Nimeuliza watu baadaye, ni kweli tupu. Mtu anayekufundisha hivyo bure unamshukuje?

Tukakutana Magomeni Mapipa, pale kituo cha mwendokasi, saa kumi na moja jioni. Kijana msafi, shati limenyooshwa, begi jeusi mgongoni. Akanipa shikamoo kwa mikono miwili. Akatoa harmonika yake mfukoni, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akapiga pambio moja ambalo kila mtu analijua, mpaka akina mama wawili waliokuwa wanaelekea kukata tiketi wakageuka kumtazama. Alikuwa anapiga vizuri, siwezi kusema uongo. Nikanyoosha mkono nijaribu. Akairudisha kifuani. "Kaka, hii imeshaingia mdomoni kwangu, siyo vizuri kukupa. Na mpya nikikufungulia ukaipuliza, usipoichukua nitamuuzia nani?" Akanipa boksi la harmonika ya C, limebanwa na nailoni kila upande.

Hapo ndipo aliponimaliza. Tangu kipindi cha Corona mimi mwenyewe sipendi kugawana hata kikombe. Na hata maduka yanayoeleweka, harmonika ukishaiweka mdomoni hawaipokei tena. Nikaona huyu ni mstaarabu, anajua kazi yake. Nikatuma hela na ya kutolea juu. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Akasema ni laini ya mama yake, yake imeharibika. Nikabonyeza namba ya siri.

Nyumbani nikatyuni gita, nikapiga kodi ya G, nikavuta tundu la 2. Kimya. Hewa inapita tu, kama mrija usio na soda. Nikamwandikia. Akajibu palepale: "Pole kaka, hiyo ni pumzi. Kila anayeanza hushindwa tundu la 2. Legeza taya, vuta kutoka tumboni." Na hilo nalo ni kweli! Wanaoanza wengi wanalishindwa tundu hilo hilo. Kwa hiyo siku tatu, usiku watoto wakishalala, nakaa uani navuta tundu moja mpaka kizunguzungu, najiambia tatizo ni mimi.

Siku ya tatu mke wangu akaniuliza midomo yangu imefanya nini. Nikajitazama kwenye kioo: rangi ya kahawia, kuanzia kona hadi kona. Marine Band ya kweli ubao wake wa katikati ni wa mti wa mpeasi. Hii nikaikwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka kama ganda la yai, chini yake plastiki nyeupe. Nilikuwa nalamba rangi siku tatu.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayejua hivi vyombo. Hakuipuliza, aliitazama tu akatikisa kichwa. Bati la juu limefungwa kwa skrubu, wakati Marine Band ile ya kawaida hupigwa vimisumari. Herufi C ni stika, wakati ya kweli huchapwa kwenye bati lenyewe. Alipofungua, ulimi wa tundu la 2 umelalia bamba, hauna hata nafasi ya kutetemeka. Akaunyanyua kwa ncha ya wembe, ukalia, lakini tyuna ya simu inaonyesha si G wala F kali, noti ya chini yake, iko katikati. Tundu la 4, ambalo ukipuliza lazima upate C, nalo limeshuka. Unapigaje na gita kitu kama hicho? Kila kodi mnagombana.

Na fremu ndiyo imeniumiza zaidi. Nati ya kushoto haikazi. Nilipoinama kugeuza karatasi harmonika ikachomoka, ikaangukia ubao wa mbele wa gita karibu na daraja la nyuzi. Imeacha shimo dogo. Lile gita. Hela nitatafuta nyingine, lile shimo halizibiki.

Nilipompigia kumwambia, kaniblok. Nikapiga kwa simu ya mke wangu, akapokea, akasikia sauti yangu, akakata. Shikamoo yote ile.

Nimefungua RB polisi. Namba yake ya simu nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na mimi nataka huyu akamatwe, asiishie kurudisha hela tu. Asimamishwe mbele ya kila aliyemuuzia, afungue hayo maboksi moja moja, azipulize mwenyewe tumsikie. Kijana mwenye kipaji kama kile angeweza kufundisha watoto wa watu akalipwa. Anatumia elimu yake kutuibia sisi tunaojifunza! Afungwe. Na huyo mwenye laini, mama au si mama, naye aitwe aeleze.

Kama unajiuliza ningemjuaje: jina la malipo lilikuwa tofauti na lake, nikaliacha lipite. Hana duka, ni vituoni tu. Halafu yule mzee kaniambia jambo ambalo halikunijia kabisa: ungemwambia afungue nailoni uitazame tu kwa macho, bila kuipuliza. Muuzaji wa kweli angekatalia nini? Nadhani kuna mengine, ila kwa sasa kichwa kimejaa hasira.

Tangazo la leo ni video ile ile, pambio lile lile, kitambaa kile kile cheupe. Ameandika zimebaki tatu, za C, G na A. Kama kuna ndugu yako anayepiga gita na anatafuta harmonika, mpigie sasa hivi.