Uzoefu wangu na kompyuta ya bei nafuu: waranti iliyoisha mashine ikiwa kwa mafundi

Kompyuta mpakato ninayoizungumzia niliinunua dukani hapa Mwanza kwa bei iliyo chini kidogo ya shilingi laki sita, ikiwa mpya ndani ya boksi lake, pamoja na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na kadi ya waranti ya miezi 12 iliyogongwa muhuri wa duka. Ni mashine ya inchi 14 yenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (chipu ya kutunzia mafaili badala ya diski) ya GB 64, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na Microsoft ili Windows 11 ikubali kuwekwa. Nilikijua kiwango hicho wakati ninalipa, na sina lawama yoyote juu ya kasi yake. Ninaendesha steshenari: nachapa barua na wasifu, naskani vyeti, nawajazia watu maombi ya ajira ya mtandaoni na, msimu ukifika, nawasaidia wanafunzi kuomba mikopo ya elimu ya juu. Kwa kazi hizo mashine hii inatosha kabisa inapowaka. Malalamiko yangu yanahusu jinsi ilivyoungwa kiwandani na jinsi ilivyoshughulikiwa ndani ya muda wa waranti, kwa sababu kila iliporudi kutoka kwa mafundi ilirudi ama na ugonjwa ule ule, ama na ugonjwa mpya iliyoupata huko huko.

Tatizo lilianzia kwenye tundu la chaja. Ukichomeka waya, taa ya kuchaji iliwaka, lakini ukigusa meza tu ilizima, na baada ya muda ikawa haichaji mpaka waya uinuliwe kidogo kwa kuuwekea karatasi iliyokunjwa kwa chini. Nilijaribu chaja nyingine ya aina ile ile na hali haikubadilika, hivyo mtu yeyote aliyewahi kushika kifaa cha umeme angetambua kwamba tundu limelegea. Niliyaeleza hayo yote kwa maandishi na kuyaambatanisha na mashine. Dukani nilijibiwa kwamba wao hawatengenezi, wanauza tu, na kwamba kituo cha huduma kipo Dar es Salaam. Kadi ya waranti inasema mteja atafikisha mashine kituoni kwa gharama zake mwenyewe. Kwa mkazi wa Kariakoo sharti hilo maana yake ni nauli ya daladala, lakini kwa mtu wa Mwanza, Bukoba au Kigoma ni kufunga mashine vizuri, kuilipia kama kifurushi kwenye basi, kuisafirisha zaidi ya kilomita 1,000, kumtafuta mtu wa kuipokea stendi na kuifikisha kituoni, kisha kuilipia tena wakati wa kurudi. Hakuna muuzaji anayeyataja hayo wakati wa kukuuzia, ingawa duka liko mikoani na wateja wake wote ni wa mikoani.

Mashine iliporudi kwa mara ya kwanza ilikuwa na fomu yenye maelezo mafupi kwamba imejaribiwa, inafanya kazi, na programu zimewekwa upya. Kwa maneno mengine, walikuwa wamepiga Windows. Mafaili yangu nilikuwa nimeyatunza kwenye flashi, kwa hiyo hayakupotea, lakini kila kitu kingine kilifutwa: mipangilio ya printa na skana, fonti, programu ya kuandikia pamoja na leseni yake, vyote nilivianza upya. Tundu la chaja halina uhusiano wowote na Windows. Fundi aliyesoma maelezo yangu na kuutikisa ule waya kwa sekunde chache angeliona tatizo bila hata kuiwasha mashine. Naamini kwa dhati kwamba maelezo yale hayakusomwa, na kwamba kupiga Windows ni hatua inayofanywa kwa kila mashine inayoingia, iwe imekufa kioo, kibodi au betri. Haikupita muda, taa ya chaja ikaanza kuzimika tena pale pale.

Safari iliyofuata walibadilisha ubao mama mzima, yaani motherboard, ubao mkuu unaobeba sehemu zote za kompyuta. Hapa inafaa nieleze kwa nini, kwa kuwa jambo hili linamhusu kila anayefikiria kununua mashine za daraja hili. Katika kompyuta nyingi tundu la chaja huwa na waya wake mfupi, au hukaa kwenye kibao kidogo kinachochomolewa, na fundi hubadilisha kipande hicho peke yake. Katika mashine yangu tundu limelehemiwa moja kwa moja juu ya ubao mama, na hifadhi pamoja na RAM nazo zimelehemiwa hapo hapo ili kupunguza gharama na unene. Matokeo yake ni kwamba kituo cha huduma, ambacho hakilehemu bali hubadilisha vipuri vizima, kinalazimika kung'oa ubao wote kwa ajili ya tundu moja, na ubao ukiondoka unaondoka na kila kilichohifadhiwa ndani yake. Kipuri hicho hakikuwepo nchini, nikaambiwa kimeagizwa. Nilikaa bila mashine katika kipindi chote cha maombi ya mikopo, ambacho kwa steshenari ndicho kipindi cha mavuno, nikawa nawaelekeza wanafunzi waliokuja kwangu waende kwa jirani.

Iliporudi ilikuwa inachaji vizuri, na ninawapa haki yao kwa hilo. Lakini kona ya chini kulia ya kioo palikuwa na maandishi hafifu yanayodai Windows iamilishwe (ithibitishwe kwa leseni), ambayo hayakuwepo awali. Leseni iliyokuja na mashine huwa imeandikwa ndani ya ubao mama wenyewe, na walipoufunga ubao mpya hawakumalizia kazi ya kuuingizia leseni wala namba ya mashine. Nikifungua taarifa za mfumo, sehemu ya namba hiyo ilikuwa tupu. Nilipopiga simu kituoni niliombwa nisome namba ya mashine kama inavyoonekana kwenye mfumo, nikaeleza kwamba haionekani kwa sababu wao hawakuiweka, na mhudumu akanijibu kwamba bila namba hiyo hawezi kufungua malalamiko. Nilipigwa danadana ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, duka likisema suala ni la kituo na kituo kikisema suala ni la duka, mpaka fundi mmoja mwenye moyo alipokubali kuniongoza kwa simu, hatua kwa hatua, tukalimaliza.

Jingine nililigundua nilipoigeuza mashine juu chini. Skrubu mbili za nyuma hazikuwepo, na ukingo wa kava karibu na bawaba ya kushoto ulikuwa umeachana kiasi cha kupitisha kucha. Nilipiga picha siku hiyo hiyo, mashine ikiwa juu ya boksi lililobandikwa karatasi ya kituo. Bawaba za mashine hizi ni za chuma kigumu, lakini zimefungwa kwenye nati ndogo za shaba zilizopachikwa ndani ya plastiki nyembamba, hivyo kila unapofungua kioo nguvu yote inaishia kwenye ile plastiki. Skrubu zikiwa pungufu, mzigo wa mbili zilizokosekana unabebwa na zilizobaki. Haikuchukua muda nati za kushoto zikang'oka na vipande vyake vya plastiki, na kila nikifungua kioo kava ikawa inapasuka zaidi kuanzia pembeni.

Nilipoirudisha dukani, mhudumu aliitazama mara moja akasema, "Dada yangu, hii ni kuvunjika, na waranti haihusiki na kuvunjika." Nilimwonyesha picha na tarehe zake, nikamweleza kuhusu skrubu. Aliniomba niziandike hoja zangu zipelekwe kituoni, na mashine ikapelekwa. Jibu lilikuja kwamba huo ni uharibifu wa mtumiaji, na kwamba wangeweza kubadilisha kava na bawaba kwa malipo yanayokaribia theluthi ya bei niliyonunulia. Jibu hilo halikugusa suala la skrubu hata kwa neno moja. Waranti yenyewe iliisha wakati mashine ikiwa bado mikononi mwao, ikisubiri uamuzi huo.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Miezi 12 ilihesabiwa kuanzia tarehe ya risiti bila kusimama, pamoja na siku zote ambazo mashine ilikuwa kwenye buti la basi, kwenye rafu ya kituo au ikisubiri kipuri kutoka nje ya nchi. Muda wa waranti unaotumika hata mteja asipokuwa na mashine si muda aliopewa mteja. Na ukarabati wa mwisho, ambao uliondoa tatizo moja na kuzaa jingine, haukuwa na dhamana yake wenyewe hata ya mwezi mmoja.

Uingereza, ambako kompyuta za daraja hili huuzwa pia, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi haki ya kuikataa bidhaa au kudai apunguziwe bei pale ukarabati wa kwanza unaposhindwa kuondoa kasoro. Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua masharti ya ubora ambayo yamo ndani ya mauzo hata kama muuzaji hakuyaandika popote, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji. Kadi ya waranti ni ahadi ya nyongeza juu ya hayo, kwa hiyo mhudumu anayesema "waranti imeisha" hajajibu swali kama bidhaa ilikuwa na ubora unaostahili ilipouzwa.

Kava nimeitengenezea kwa fundi wa hapa mjini, ambaye alizifunga bawaba kwa bolti nyembamba zilizotoboa kava mpaka upande wa pili. Haipendezi machoni, lakini kioo kinafunguka bila mlio na mashine inaniingizia hela. Fundi huyo aliniambia kwamba tundu la chaja angeweza kulilehemu upya kwa saa chache, kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kifurushi, ila angefungua mashine na waranti ingekufa siku hiyo hiyo.

Kwa matumizi ya biashara siipendekezi mashine hii, hasa kwa aliye mbali na Dar es Salaam. Kwa bei hiyo hiyo mtu anapata kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye RAM na diski zinazochomoka, ambayo fundi yeyote wa mtaani anaimudu. Mimi nimeliandikia duka barua yenye nakala za risiti, fomu zote za kituo na zile picha. Nadai nirudishiwe gharama za kava na bawaba, na siku ambazo mashine ilikaa kituoni ziongezwe kwenye waranti. Nimewapa mwezi mmoja wa kujibu kwa maandishi, na nakala ya barua hiyo iko kwenye bahasha ya pili iliyoandikwa anwani ya Tume.