Lawrence of Arabia: kanda, DVD, Blu-ray na 4K, zote nimezipima kwa nukta moja

Kila nikipata toleo jipya la Lawrence of Arabia, filamu ya mwongozaji David Lean juu ya ofisa Mwingereza kati ya Waarabu, naanzia pale kisimani. Lawrence na Tafas, Mbedui anayemwonyesha njia, wamefika kisima cha Waharithi na wanakunywa maji. Mbali kabisa, ndani ya mazigazi, kuna nukta nyeusi inatetemeka. Muziki hakuna. Nukta inakua polepole, inakuwa ngamia, juu yake mtu, na kabla hujajua ni nani, Tafas ameshapigwa risasi. Huyo ndiye Sherif Ali, na hivyo ndivyo Omar Sharif alivyojulikana dunia nzima. Mpiga picha Freddie Young aliichukua sehemu hiyo katika uwanda wa Jafr, Jordan, kwa lenzi ndefu ya milimita 482. Basi swali langu kwa kila toleo ni hili: nukta ile naiona lini?

Kwenye kanda sikuiona kabisa. Ami yangu alikuwa dereva Jeddah, na likizo moja ya miaka ya themanini alirudi Mombasa na kanda mbili za filamu hii ndani ya sanduku la nguo. Tuliitazama Kibokoni, nyumba nzima na majirani, kwa TV ya inchi 20. Filamu ilipigwa kwa ukanda wa milimita 65, na picha yake ina upana mara mbili na ushei ya kimo chake. TV za siku zile zilikuwa karibu mraba. Kwa hiyo watengeneza kanda waliikata picha kulia na kushoto, na karibu asilimia 40 ya kila picha ikatupwa. Watu wawili wakizungumza, mmoja hayuko. Kile kilichobaki nacho kilikuwa na chenga, na nukta ikazama humo humo. Sisi tulimwona Tafas ameshtuka, halafu ngamia huyu hapa. Kwa zaidi ya miaka kumi niliamini kwamba Sherif Ali anatokea ghafla!

Mwaka 2001 ikatoka DVD ya diski mbili, na hapo ndipo nilipoijua filamu yenyewe. Upana wote umo, na urefu karibu wote. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza London, Desemba 1962, ilikuwa ya dakika 222. Wiki chache baadaye wakaipunguza kama dakika 20, na mwaka 1971 wakaikata tena hadi 187. Ni Robert A. Harris aliyevitafuta vipande vilivyotupwa na kuviunganisha upya, kazi iliyokamilika mwaka 1989, David Lean mwenyewe akiwa hai na akisimamia. Baadhi ya vipande vilipatikana bila sauti. Wakaitwa waigizaji wenyewe, Peter O'Toole aliyekuwa Lawrence na Alec Guinness, wazee sasa, kuyasema tena maneno waliyoyasema miaka 27 nyuma. Mwenzao Jack Hawkins alikuwa ameshafariki, ikabidi Charles Gray amsemee. Nimesikiliza kwa vichwa vya sauti nikitafuta mahali pa kuungia, nami natengeneza redio na TV kwa kazi, lakini kwa O'Toole sikupapata.

Sifa ya DVD hiyo inaishia hapo. Nukta inaonekana, lakini imechelewa, na ikishaonekana ina ukingo mweupe kuizunguka kama imekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya mchanga. Huko ni kuinoa picha kupita kiasi, na ukishauona ukingo ule kisimani utauona kila kilele cha kilima. Halafu kuna suala la namba za nchi, maana DVD hupewa namba kwa sehemu ya dunia inakouzwa, nalo nalieleza kwa sababu mpaka leo watu wananiletea deki nzima wakidhani imeharibika. DVD ya Marekani ni namba 1, Kenya na Tanzania ni namba 5, na Uingereza na nchi za Ghuba ni namba 2. Deki isiyofunguliwa kusoma namba zote inazikataa zisizo za kwao. Na ukipata ile ya PAL, mfumo wa TV wa Uingereza na wa kwetu, ujue picha zinakwenda 25 kwa sekunde badala ya 24: dakika 227, ukihesabu na muziki wa mwanzo na wa mapumziko, zinakuwa kama 218, na muziki wa Maurice Jarre unapanda karibu nusu sauti. Asiyeujua hatatambua. Mimi ule muziki naupiga mluzi tangu utotoni, na uliniudhi.

Blu-ray ya 2012 ndiyo ninayomshauri mtu wa kawaida anunue. Sony waliichukua negativu ya asili, wakaiskani kwa 8K na kuisafisha kwa 4K, vipimo vya ukali wa picha, namba ikiwa kubwa picha ni kali zaidi. Negativu ilikuwa na majeraha ambayo 1989 hapakuwa na dawa yake: joto la jangwani lilikuwa limeupasua utando wa picha, ukabaki na mistari myembamba kama udongo wa bwawa lililokauka. Mistari imeondolewa mmoja mmoja, na mchanga umebaki mchanga, haukulainishwa ukawa plastiki. Nukta sasa naiona kabla ya Tafas kuiona. Nafasi hiyo ndogo inabadili kila kitu, maana unakaa na hofu peke yako huku wao wawili bado wametulia. Na ndani ya kasha kuna O'Toole akikumbuka kazi ile, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Peke yake hayo ni mazungumzo ya kununuliwa.

Ya 4K ilitoka 2020, lakini ndani ya sanduku la filamu sita za kampuni ya Columbia, na mpwa wangu wa Dubai alinitumia kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka. Mwaka 2022 wakaitoa peke yake kwenye kasha la bati, basi we tafuta hilo. Diski za 4K hazina namba za nchi, popote inapiga. Kwenye TV yangu ya inchi 55, tofauti kubwa na Blu-ray iko kwenye giza na kwenye moto. Joho jeusi la Ali, ambalo zamani lilikuwa kipande cha usiku tu, sasa lina mikunjo. Lawrence anapoupuliza ule mwali wa kibiriti na mhariri Anne Coates akakata papo hapo kwenda kwenye alfajiri ya jangwa, ule wekundu wa upeo unaumiza macho kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sauti ni ya Atmos, mfumo wa spika nyingi. Kwa spika zangu mbili sikusikia zaidi ya Blu-ray.

Lakini usafi huu hauna huruma. Bibi yangu, tangu enzi za kanda, alikuwa akimtazama Anthony Quinn kama Auda na kusema, "Pua ile si yake." Tukimbishia. Kwenye 4K unaona pua inapoanza na uso unapoishia, na unaona rangi aliyopakwa Guinness kuwa Mwanamfalme Feisal. Bibi hakuwahi kuona 4K.

Jambo la mwisho. Kwenye Blu-ray filamu yote imo diski moja, na neno la mapumziko linapita huku umekaa. Kwenye 4K diski ya kwanza inakwisha hapo hapo, lazima uinuke. Nimeizoea hiyo: naanza baada ya magharibi, diski ikiisha naswali isha, nateleka kahawa, ndipo naweka ya pili.

Kanda za ami bado ninazo. Ziliota ukungu kwa hewa ya bahari, nikazifungua na kuzifuta kwa mkono, pamba na spiriti, siku mbili. Ya kwanza inapiga. Pale kisimani, hata leo, nukta haipo.