Nouveau au draiva ya NVIDIA?
Umenunua laptopu ya mtumba Luthuli Avenue, ina GTX 1050, kadi ya michoro ya NVIDIA, na unaweka Linux. Nouveau, draiva (programu ya kuendesha kadi) iliyoandikwa na wanajamii, tayari imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, leseni yake ni huru, bando halitumiki. Ila ni goigoi: kadi hizi hudai fimwea (programu ya ndani ya kadi) yenye saini ya NVIDIA, hivyo Nouveau haiwezi kuzipandisha kasi. Zinabaki kwenye mwendo wa kuwashia tu.

Draiva ya NVIDIA haiuzwi, lakini msimbo wake umefungwa, na kerneli ikisasishwa moduli yake, kipande kinachoingia kwenye kerneli, lazima ijengwe upya, la sivyo utakaribishwa na skrini nyeusi. Zile moduli huria NVIDIA ilizotoa 2022? Zinaanzia kadi za kizazi cha Turing, yako ni ya zamani zaidi, haimo. Shika toleo la 580 la draiva, la mwisho kuikubali kadi yako.

Kuandika na barua pepe, Nouveau. Kuhariri video, NVIDIA, shingo upande.