Fuso iliyotuhamisha kutoka Moshi mpaka Pangani

Mwezi uliopita tumehama Moshi, mimi, baba watoto, watoto watatu na bibi yao, tukahamia Pangani, na kilichokuwa kinaninyima usingizi sio joto wala shule, ni vitu. Friji, magodoro, cherehani yangu ambayo ndio inatulisha. Jina la hao jamaa wa lori la Fuso waliotubebea siweki, ila nawaelezea walivyotufanyia.

Bei kwanza. Wengine wote niliowauliza walinipigia hesabu ya kwenda na ya kurudi gari tupu, huyu akasema mama mimi kule narudi na nazi, nilipe ya kwenda tu. Akaniokolea karibu laki tatu, kwangu hiyo ni kodi ya nyumba miezi kadhaa.

Lakini kilichonifanya niandike ni yule dereva. Alikuja siku mbili kabla kuangalia mzigo, akazunguka nyumba nzima, akafika kwenye kabati la chipibodi akasema hili usibebe, hewa ya kule ina unyevu na chumvi, litavimba milango isifunge, uza hapa hapa. Cherehani akasema ipake oili kila chuma halafu ifunge nailoni, na friji ikasafiri imesimama, ikifika usiiwashe, iache itulie masaa kadhaa kwanza. Hakuna aliyemlipa kusema hayo. Kabati niliuza, na sasa hivi naona kwa jirani yangu hapa bawaba zilivyoliwa na kutu namshukuru Mungu.

Sasa ubaya. Tulikubaliana saa kumi jioni wakaja saa tatu usiku, watoto wameshalala chini kwenye kanga maana vitanda vimefunguliwa, bibi yao amekaa kwenye ndoo, kwa kweli niliumia. Na turubai niliambiwa ni jipya, kumbe lina matundu, mvua ikawakuta Korogwe godoro la watoto likalowa chapachapa. Sisi tulikuwa tumetangulia na basi mpaka Tanga halafu gari ndogo hadi Pangani, kwa hiyo usiku wa kwanza watoto walilala kwenye mkeka wa kuazima. Dereva alimpigia tajiri wake mbele yangu, wakanipunguzia elfu hamsini. Haitoshi godoro lakini hawakubishana, na glasi hata moja haijavunjika, safari yote hiyo, Same, Mombo, Segera, Muheza, kama kilomita 400 mpaka hapa mlangoni.

Wakati wanashusha, mwanangu wa kati aliuliza mto ule mkubwa unatoka wapi, dereva akamwambia hayo ni maji ya kwenu, yanatoka Kilimanjaro na Meru yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu yanakuja kumwagika baharini hapa. Mtoto alikuwa analia tangu Moshi kuacha marafiki zake, siku hiyo akanyamaza, na mpaka leo akitoka shule anapita pale pantoni ya Bweni kuyaangalia.

Ningewatumia tena? Ndio, ila nailoni nzito ningenunua mwenyewe na magodoro yangeingia katikati ya mzigo sio juu. Juzi nimeongea na yule dereva, wiki ijayo anashuka kuchukua nazi, atatuletea machipukizi ya migomba ambayo bibi aliyaacha Kibosho.