Kisu cha kukunja cha Joseph Rodgers, kile cha zamani sio hivi vipya

Nimekitumia hiki kisu cha kupogolea tangu waridi zianze kuchipua na kwakweli sijaona cha dukani kinachokifikia. Bleidi imepinda kama mdomo wa kasuku, mpini ni pembe ya kulungu, na kimegongwa ile chapa ya nyota na msalaba ya Rodgers, watengeneza visu wa Sheffield, Uingereza. Kimeandikwa na England pia, so uwezekano mkubwa ni cha baada ya 1891, maana sheria ya forodha ya Marekani ndo iliwabana waandike nchi bidhaa inakotoka.

Bleidi sio stenlesi, ukikata limau ukasahau kufuta unakuta doa jeusi, ila makali jamani, unakipitisha kidogo tu kwenye jiwe kinanyoa nywele za mkono. Springi bado ngumu, ukifunga inalia ta! na ukishika ncha ukaitikisa haichezi hata kidogo. Bleidi za zamani zilifuliwa kwa nyundo moja moja na unaliona hilo ukikiangalia kwa juu, inaanza nene pale kwenye pini halafu inapungua taratibu mpaka nchani.

Nyota 4. Ya tano nimemnyima muuzaji (mtandaoni, paundi 35) kwasababu alikipitisha kwenye mashine ya polishi, kinang'aa kweli lakini herufi za chapa zimelika na kona za chuma (sio makali) zimekuwa butu, na huo uharibifu haurudishiki. Ukikuta chenye uchafu na kutu ya juujuu chukua hicho, mswaki wa zamani na mafuta ya cherehani vinatosha.

Vya mpini wa pembe za ndovu achana navyo. Rodgers walikuwa na stoo kubwa ya pembe, na enzi hizo Zanzibar ndo ilikuwa soko kubwa la hizo pembe, kwahiyo unajua kabisa zingine zilibebwa na nani na kwa hali gani, mi siwezi kuweka kabatini. Na tangu 2022 biashara yake Uingereza imepigwa marufuku, ukitoa vitu vichache vilivyoruhusiwa.

Kwa walioko huku UK, cha kutembea nacho mfukoni bila sababu maalum ni kile kisichojiloki na bleidi isizidi inchi 3. Changu kimezidi, kinakaa kwenye sanduku la vifaa vya bustani.