Kipima pH cha kalamu: kinalitosha dimbwi la Kunduchi, hakiitoshi bahari

Vipima pH (pH ni kipimo cha asidi: asidi ikizidi, namba yake hushuka) vyenye umbo la kalamu nene, ambavyo Dar es Salaam hupatikana katika maduka ya vifaa vya maabara na kwa wauzaji wa mtandaoni, vimekuwa kimbilio la wanafunzi wanaotaka kuchunguza bahari na mzunguko wa kaboni bila kuwa na fedha za mashine kubwa. Kimojawapo nimekitumia msimu mzima wa kaskazi na sehemu ya kusi, nikiwa na wanafunzi katika ufukwe wa Kunduchi na kisiwani Mbudya. Chapa yake siitaji, kwa kuwa kifaa kilekile huuzwa kwa majina mengi, na haya nitakayoyaeleza yanaihusu aina yote.

Kwa bei isiyofika shilingi laki moja, hiki ni kifaa kizuri kwa mtu anayejua anachokitafuta. Wakati wa bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya Kunduchi hupwa sana kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha hupwa tena usiku saa kama hizo, na nyuma yake hubaki madimbwi yenye nyasi bahari. Mchana nyasi hizo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kufyonza hewa ukaa iliyomo majini, ambayo ndiyo huyatia maji asidi, hivyo pH hupanda. Usiku kila kilicho hai dimbwini hupumua, hewa ukaa huongezeka na pH hushuka. Tofauti ya mchana na usiku katika dimbwi la namna hiyo ni kubwa kiasi kwamba kipima kinachosoma hatua za 0.01 huiona bila taabu. Mwanafunzi aliyezoea kuuona mzunguko wa kaboni kama mishale ubaoni huushuhudia hapo ukifanya kazi, na kwa jambo hilo pekee ningekubali kukinunua tena.

Shida huanza pale mtu anapotaka kukitumia kuthibitisha kwamba bahari yenyewe inaongezeka asidi. Bahari za dunia humeza takriban robo ya hewa ukaa ambayo binadamu huitoa kila mwaka, na tangu mapinduzi ya viwanda pH ya maji ya juu imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Mtu asiidharau tofauti hiyo, kwa sababu kila hatua moja nzima ya pH ni badiliko la mara kumi, na punguzo hilo dogo lina maana kwamba ayoni za hidrojeni, yaani chembe zinazoleta asidi, zimeongezeka kwa karibu asilimia 30. Hata hivyo, kasi yake siku hizi ni kama 0.002 kwa mwaka, ilhali kijitabu cha kipima changu kinaahidi usahihi wa kujumlisha au kutoa 0.05. Kwa hiyo kosa ambalo kiwanda chenyewe kinalikubali ni sawa na miaka 25 ya mabadiliko ya bahari, na hapo bado hatujagusa makosa ya mtumiaji.

Kosa la kwanza la mtumiaji ni joto. Kipima kina alama ya kujirekebisha kulingana na joto, na wauzaji huisifia sana, lakini marekebisho hayo yanauhusu umeme wa elektrodi (sehemu ya kipima inayozamishwa majini) peke yake. Maji ya bahari yenyewe hubadilika: kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, pH yake hushuka kwa takriban 0.016, na hakuna kitufe kinachoweza kuirudisha. Chupa iliyochotwa baharini ikiwa na nyuzi 28, ikapanda daladala hadi chuoni na kufika ikiwa na nyuzi 33, imeshapoteza 0.08, yaani miaka 40 ya bahari imepotelea kwenye foleni ya Mwenge. Pimeni palepale ufukweni, na joto liandikwe pembeni ya kila kipimo.

Kosa la pili limejificha katika ugezi, yaani kukilinganisha kipima na bafa, kimiminika ambacho pH yake inajulikana. Pakiti za unga zinazokuja na kifaa, za 4.01, 6.86 na 9.18, zimetengenezwa kwa maji yasiyo na chumvi nyingi, na elektrodi inapotolewa humo na kuzamishwa katika maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, namba inayosomeka inaweza kuhama kwa karibu 0.1. Wataalamu hutumia bafa ya Trisi iliyotengenezwa ndani ya maji bandia ya bahari, ambayo kwa nyuzi 25 ina pH ya takriban 8.09. Katika maduka niliyopita sikuiona.

Tofauti hizi ndogondogo ndizo zilizowatumikisha baadhi ya wanasayansi maisha yao yote. Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa katika mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, akapata takriban sehemu 313 kwa milioni, na leo tumepita 420. Mwaka 1983 aliongeza vipimo vya kaboni majini karibu na Bermuda, na aliendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 2005. Andrew Dickson, naye wa taasisi ya sayansi ya bahari ya Scripps, Marekani, kama Keeling, alijulikana kwa jambo ambalo watu wengi wangeliona la kuchosha: kutayarisha chupa za maji ya bahari ambazo kaboni yake imepimwa kwa uhakika, ili maabara za nchi mbalimbali zijipime kwazo na takwimu zao ziweze kulinganishwa. Bila kazi ya aina hiyo, ile 0.002 isingeonekana kabisa.

Kuhusu uimara, kipima hakikuniangusha sana. Kitufe cha kioo kilichopo nchani, yaani kile kiduara kinachogusa maji, hakitakiwi kukauka, na kihifadhiwe katika myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Kukiweka katika maji yaliyotoneshwa, kama alivyonishauri muuzaji mmoja, ni kukifupishia maisha. Vibati vya betri hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi. Betri zenyewe, za vidonge, zipo kwa kila fundi saa wa Kariakoo. Mnunuzi akague tarehe ya mwisho ya bafa kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya hapo atakutana na karatasi ya ukutani isemayo bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Mwalimu wa sekondari na mfugaji wa samaki wa bwawani wanunue bila wasiwasi. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika kuhusu kuongezeka kwa asidi baharini ningemshauri fedha hizo azielekeze kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vinavyobana na rangi ya metakresoli ya zambarau, ambayo hubadilika kufuata pH, kisha aombe nafasi ya kutumia spektrofotomita, mashine inayoipima rangi hiyo kwa mwanga, katika maabara ya kemia, maana njia hiyo hutofautisha vipimo hadi sehemu za elfu. Sampuli zitakazokaa muda zitahitaji kutiwa kloridi ya zebaki kidogo ili kuua viumbe vinavyoweza kuibadili kaboni yake, na kwa kuwa hiyo ni sumu kali, kazi hiyo ifanyike mbele ya msimamizi.